Bendera Isiyowahi Kurudi

Mtaani kwetu Mkunazini, ukitaka kujua sikukuu gani inakaribia huna haja ya kalenda. Pita mbele ya mlango wa Bi Kazija Mcha utazame kilichotundikwa kwenye kamba ya ukumbini. Zikizidi bendera za taifa, ujue Disemba imeingia na siku ya Uhuru iko njiani. Zikizidi bendera za Zanzibar, ni Januari na Mapinduzi yamekaribia. Na mwaka wa uchaguzi, Bi Kazija hufunga kamba mbili, moja kila upande wa ukumbi, ili bendera za chama kimoja zisigusane na za chama kingine.

"Uzi hauna chama," husema, "lakini wenye kuja kuchukua wanacho, nami sitaki ugomvi mlangoni kwangu."

Ninakaa ghorofa ya juu ya nyumba hiyo hiyo. Nililala na kuamka kwa mlio wa cherehani yake tangu nikiwa darasa la kwanza, na niliporudi kutoka chuo kikuu na shahada yangu ya historia, cherehani ilikuwa inalia vile vile.

Bi Kazija ni mtu wa Makunduchi. Mumewe, seremala, alimleta mjini akiwa bado bi harusi, na kabla mume hajafariki alikuwa ameshajifunza kushona na kupata kazi kwenye karakana ya sare. Huko alishona mashati ya askari miaka kumi na minne. Bendera zilikuja baadaye, mwaka 2005, Zanzibar ilipoanza tena kupandisha bendera yake yenyewe. Siku hizo kila ofisi, kila skuli na kila boti iliitaka, na mafundi wengi hawakuijua. Watu walimjia Bi Kazija na bendera iliyochorwa kwa kalamu nyuma ya daftari. Yeye akatoka, akaenda akasimama chini ya mlingoti mmoja wa serikali na futi yake shingoni, akaitazama mpaka mlinzi akamuuliza kama amepotelewa na kitu. Aliporudi nyumbani alikata kitambaa bila kuchora.

Bendera ile ina mtego wake. Ina mistari mitatu iliyolala: buluu juu, nyeusi katikati, kijani chini. Pembeni juu, upande wa mlingoti, imewekwa bendera ndogo ya Tanzania, na hiyo mpango wake ni kinyume: kijani kiko juu na buluu iko chini, na mkanda mweusi wenye kingo za manjano unapita mshazari kati yao. Fundi asiye makini huifuata kubwa anaposhona ndogo. Bi Kazija alijitungia maneno ya kujikumbusha, akawa anayasema kwa sauti kila akikaa kwenye cherehani, hata watoto wa mtaa tukayahifadhi:

"Kubwa, bahari juu, shamba chini. Ndogo, shamba juu, bahari chini."

Bendera za jeshi hakushona. Zile zina nakshi za nyuzi za dhahabu na mafundi wake ni wengine. Mara moja tu aliletewa ya kikosi kimoja, pindo limefumuka, na nakumbuka alitawadha kwanza kabla ya kuishika. Alipomaliza alituita watoto tuje tuitazame kwa mbali, mikono nyuma.

Vipande vinavyobaki havitupi. Anasema kitambaa kilichokatiwa bendera hakiwezi kwenda jaani na maganda ya muhogo. Anavikusanya kwenye gunia, gunia likijaa anashona foronya na kuzijaza. Nusu ya watoto wa Mkunazini wamelalia mito yenye bendera ndani. Mimi pia nnao wangu mpaka leo, mgumu kama tofali.

Lakini fahari yake kubwa ni moja, na hakuna mteja aliyetoka kwake bila kuisikia. "Bendera yangu haijawahi kurudi," humwambia mtu huku akimkabidhi. "Inachanika kwa upepo, inapauka kwa jua, hiyo ni ajali yake. Lakini haijarudi kwa kosa la mkono wangu. Siku itakayorudi, ninaweka sindano chini. Nshaapa."

Alisema hivyo miaka ishirini, na sisi tukazoea kama tulivyozoea mlio wa cherehani.

Mwaka huu, mwanzoni mwa Januari, mwalimu mkuu wa skuli ninayofundisha, upande wa Fumba, aliniita. Madarasa mapya manne yalikuwa yafunguliwe katika shamrashamra za Mapinduzi, wageni wakubwa waje, na bendera yetu ya zamani ilikuwa imebaki nyuzi. Akaniuliza kama namjua fundi. Nikasema namjua fundi asiyewahi kurudishiwa bendera. Nilisema kwa majivuno, kana kwamba nimeishona mimi.

Nilipoteremka jioni ya Jumamosi kumtazama amefika wapi, Bi Kazija alikuwa kwenye mkeka, vipande vimemzunguka.

"Hodi hapa. Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, mwanangu. Pita, lakini usiikanyage nchi."

Nikaruka mstari wa kijani. Tukazungumza kidogo, kisha akaenda ndani kuepua chungu. Nikabaki peke yangu na vipande vya ile bendera ndogo: pembetatu ya kijani pale lilipokuwa goti lake la kulia, ya buluu upande wa kushoto, mkanda mweusi huku, vipande vya manjano kule. Mimi sipendi kuona vitu vimetapanyika. Nikaviokota vyote, nikavipanga juu ya sinia, kimoja juu ya kingine, kingo zimelingana kama madaftari ya wanafunzi. Aliporudi nikamwambia, "Nimekupangia."

Alisimama kidogo na kijiko mkononi. "Umenipangia," alisema. Akashukuru, akakaa, akaliweka sinia mapajani. Nikapanda juu kwangu nikiwa na furaha ya mtu aliyefanya jambo la maana.

Jumatatu alinikabidhi bendera imekunjwa, imefungwa kwa utepe. Jumanne asubuhi nikaipeleka Fumba.

Mpandisha bendera wa skuli yetu ni mlinzi, Mzee Wakil. Alikuwa askari jeshini, na kama maneno yake ni ya kuaminiwa, alibeba bendera ya kikosi chake kwenye gwaride miaka tisa bila kuiinamisha siku ambayo haikutakiwa kuinama. Kila asubuhi huvaa viatu vilivyong'arishwa kwa ajili ya kuvuta kamba tu. Siku ile, baada ya adhuhuri, tulitaka kufanya majaribio kabla ya sherehe ya Jumatano. Akaifungua bendera juu ya meza, akaipapasa, akaisifu mishono. Kisha akaiinamia ile pembe ya juu.

"Mwalimu Ilham," aliita.

"Naam."

"Wewe ndiye uliyesomea historia?"

"Ndiyo, mzee."

"Hebu nisomee hii ndogo."

Nikatazama. Naweza kukuhesabia bendera zote zilizopepea Unguja tangu ile nyekundu ya Sultani, pamoja na zile zilizobadilishwa haraka haraka mwaka sitini na nne. Na bado ilinibidi niseme yale maneno ya utotoni kimoyomoyo ndipo nikaona. Bahari ilikuwa juu, shamba lilikuwa chini. Mkanda mweusi ulipita pale pale panapotakiwa, kwa hiyo jicho la haraka lisingegundua kitu. Ile bendera ndogo ilikuwa imepinduka kichwa chini.

"Baharini," alisema Mzee Wakil taratibu, "chombo kikipandisha bendera kichwa chini, kinaomba msaada. Tukipandisha hii kesho mbele ya mgeni rasmi, tutaletewa boti ya uokozi hapa hapa kiwanjani."

Sikucheka. Nilikuwa nimeshafika Mkunazini kwa mawazo, nimesimama mlangoni kwa Bi Kazija na bendera imerudi. Nikamweleza mzee ile nadhiri. Nikamwomba asimwambie mtu, hata mwalimu mkuu.

Aliikunja bendera kijeshi, kwa mikunjo minne, akafikiri.

"Haijapanda?"

"Haijapanda."

"Basi haijarudi. Kitambaa kisichopanda mlingoti bado ni kitambaa. Jeshini hatukipigii saluti kitu kilichoko mezani kwa fundi. Mwambie Wakil kasema."

"Na akikataa?"

"Akikataa mwambie mlinzi wa skuli ameona, fundi hakuona. Hilo litamuuma." Akajigonga karibu na jicho la kulia. "Hili jipya. Walinitoa mtoto wa jicho mwaka juzi. Kabla ya hapo nilikuwa nampigia saluti mbuzi."

Nilifika Mkunazini alasiri. Njia nzima nilitunga uongo, na niliufikisha mzima. Nilisema mwalimu mkuu ameipenda sana, ila anaomba ile ndogo iongezwe upana kidogo, inchi moja tu, kwa hiyo itabidi ifumuliwe.

Bi Kazija hakuipokea bendera. Alibaki mikono imelala mapajani.

"Ilham, wewe tangu mdogo uongo wako una pindo fupi, mguu unaonekana. Imepinduka?"

Nikaitikia kwa kichwa, kisha nikakumbuka jicho la Mzee Wakil, nikawaza huenda na huyu haoni vizuri, nikasema, "Imepinduka."

"Ndogo?"

"Ndogo."

Akavuta pumzi. Nje watoto walikuwa wanacheza mpira, ukagonga mlango, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu hakuwafokea.

"Mwaka wa pili huu," alisema, "buluu na kijani kwangu ni kitu kimoja. Na nyeusi nayo inazifuata. Manjano bado naiona, alhamdulillahi. Mwanzo nilidhani taa."

"Na umeshona vipi miaka miwili?"

Akaupeleka mkono kwenye bendera niliyokuwa nimeiweka mbele yake. Zamani, alinieleza, Munir wa dukani Darajani alikuwa akimuuzia kila rangi kutoka jora lake: buluu laini, kijani kina chembechembe kama mchele, nyeusi nzito. Vidole vilijua vyenyewe. Lakini tangu miezi michache iliyopita Munir ameleta majora ya aina moja kwa rangi zote, kitambaa kipya kinachohimili upepo, na vidole navyo vikapofuka. Basi akabuni vifundo. Kila akinunua, anamwomba Munir amwambie ipi ni ipi, anafunga fundo moja kwenye ncha ya buluu, mawili kwenye kijani, matatu kwenye nyeusi. Mistari mikubwa haina tabu. Ila vipande vya bendera ndogo vikishakatwa havina ncha ya kufungia kitu.

"Vile naviweka kwa magoti," alisema. "Kijani goti la kulia, buluu la kushoto. Nikikaa nikiinuka, navijua vilipo."

Nikahisi uso unawaka. "Mie niliviokota."

"Ulivipanga."

"Kwa nini hukunambia? Ungeniuliza tu hii rangi gani!"

"Nikuulize?" Aligeuka akanitazama, au akatazama niliko. "Nikuulize wewe buluu ipi, mimi Kazija, na mwalimu mzima utoke hapo ukasimulie? Nikabahatisha. Nikasema nusu ya bahati ni yangu. Ikaanguka ile nusu nyingine."

Kisha akanyoosha mkono akalishika gurudumu la cherehani, akalizuia kama mtu anayemshika mnyama asiondoke. "Basi. Imerudi. Nshaapa mbele ya watu miaka ishirini, sitavunja kiapo changu. Mpelekee Ubwa wa Kikwajuni akumalizie, naye si fundi mbaya, ila pindo lake jembamba."

Nikamwambia kuwa haijapanda. Nikamfikishia hoja ya Mzee Wakil neno kwa neno, ya kitambaa cha mezani na saluti.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Huyo Wakil wenu alikuwa askari au wakili wa mahakamani?"

"Askari. Amebeba bendera ya kikosi miaka tisa."

"Hmm." Akaivuta bendera mapajani kwake kwa kidole kimoja. "Na yeye ndiye aliyeona?"

"Ndiye."

"Umri wake?"

"Amekupita, nadhani. Sabini na kitu."

"Mzee wa sabini na kitu, mlinzi wa geti, kaona kosa langu, na mimi niliyelishona sikuliona!" Sauti yake ilirudi juu, na mimi nikashukuru kimoyomoyo. "Anavaa miwani?"

"Havai. Alitolewa mtoto wa jicho mwaka juzi."

Alitoa wembe kwenye kopo la vifungo, akaipapasa bendera mpaka akafika penye mshono wa ile ndogo, akaanza kufumua. Uzi mmoja, halafu mwingine, bila kukosea, kitambaa hakikupata hata mkwaruzo. Ile ndogo ilipotoka yote akaiinua mbele yangu.

"Shamba liko wapi?"

"Mkono wako wa kushoto."

"Elekeza."

Nikauchukua mkono wake, nikauweka juu ya kijani. Akaigeuza bendera ndogo mara moja, kichwa kikawa kichwa, akaibandika pembeni mwa ile kubwa, akapiga bandi kwanza, mshono wa muda wa mkono, kwa uzi mweupe. "Sasa?"

"Ndogo, shamba juu, bahari chini."

"Una hakika? Usinionee huruma."

"Nina hakika, Bi Kazija."

Cherehani ikalia. Kabla ya adhana ya magharibi bendera ilikuwa imekunjwa, imefungwa utepe ule ule. Safari hii hakunisomea maneno yake ya fahari. Alinipa tu, akasema, "Mwambie Wakil aivute taratibu." Na nilipokuwa mlangoni akaongeza, kama anauliza bei ya nazi, "Alilala hospitali siku ngapi, huyo?"

"Aliingia asubuhi, akatoka siku ile ile."

"Uongo."

"Muulize mwenyewe."

Sherehe ilipita salama. Mzee Wakil aliivuta taratibu kama alivyoagizwa, bendera ikafunguka juu, mgeni rasmi akatoa hotuba ndefu, watoto wawili wakazimia kwa jua wakapewa maji ya madafu. Hakuna aliyejua kitu.

Kilichokuwa kimemzuia Bi Kazija kwenda hospitali, nilikuja kukijua mwezi Februari, alipokubali hatimaye nimpeleke, tukakaa kwenye benchi kusubiri aitwe. Si kuogopa kisu. "Nikiwa sijaenda," alininong'oneza, "naweza kusema bado kuna dawa. Nikienda wakafungua jicho wakasema hapa hapana tena dawa, je?" Alikuwa amevaa kanga zake mpya na amekuja na mto wake wa mabaki ya bendera, maana alisema ya hospitali haiaminiki. Nilimshika mkono mpaka jina lake lilipoitwa. Aliitikia "Naam!" kwa sauti iliyowashtua watu wa foleni nzima.

Walimfanyia jicho moja, la kulia. Siku ya pili walipotoa bandeji alitazama mapazia ya chumba, kisha mikono yake, kisha mimi.

"Umekonda," alisema. Halafu akaitazama kanga yake. "Mbona buluu hii kali hivi?"

Hakutulia mpaka wiki iliyofuata alipokwenda Darajani kumkabili Munir. Alimlazia jora la buluu mezani akamwambia kabadilisha rangi bila kuwaarifu wateja, hii buluu inapiga kelele.

"Bi Kazija," alisema Munir, "jora ni lile lile ulilonunua Disemba. Kilichobadilika ni wewe."

Bi Kazija alilinusa, akalinyanyua juani, akalishusha. Akanunua yadi sita, na safari hii hakufunga fundo hata moja.

Mwezi Machi akaniambia anataka kwenda Fumba. Hakuwa amewahi kwenda kuitazama bendera yake yoyote ikiwa juu. Alikuwa akizitoa mlangoni na basi. Tulifika saa ya mapumziko. Mzee Wakil alitoka getini na viatu vyake vya kung'aa, wakaamkiana kwa heshima ya watu waliosikia mengi kuhusu wenzao.

"Ndiye wewe wakili wa vitambaa," alisema Bi Kazija.

"Ndiye mie. Na wewe ndiye fundi asiyerudishiwa."

Bi Kazija akasimama chini ya mlingoti, akakinga jua kwa kiganja, akainua uso. Upepo ulikuwa mzuri, bendera imenyooka yote. Kubwa, bahari juu, shamba chini. Ndogo, shamba juu, bahari chini. Midomo yake ilikuwa inatembea. Nilingoja atabasamu. Badala yake alikunja uso.

"Ule mshono wa chini ya nyeusi, umekwenda kombo!"

"Wapi?" nikauliza. Mimi sikuona kitu.

"Pale! Umetambaa kama siafu. Na pindo la mwisho, Mola wangu, hilo pindo au mkia wa panya? Nani kashona hii?"

"Wewe, Bi Kazija," alisema Mzee Wakil.

"Ishushe."

"Bendera haishushwi mchana bila sababu."

"Sababu ni mimi. Tundikeni ile ya zamani, hata ikiwa nyuzi, mpaka keshokutwa. Ishushe, nakwambia, sitalala nikijua ile iko juu."

Mzee Wakil alimtazama, akanitazama, akaikaza kofia yake. Akaishusha kwa adabu zake zote, akaikunja mikunjo minne, akaja nayo juu ya viganja viwili. Lakini hakumpa papo hapo.

"Sasa nikumbushe sheria, Bi Kazija. Hii imepanda. Imepepea miezi miwili. Imeshuka, na inarudi kwa fundi kwa kosa la mkono wa fundi. Safari hii sina hoja ya kukutetea. Na ile nadhiri?"

Watoto walikuwa wamekusanyika. Bi Kazija alifikiri kidogo, jicho lake jipya likiwa kwenye bendera.

"Nadhiri aliapa yule asiyeona," alisema, "na yeye kweli kaweka sindano chini, Mungu amsitiri. Mimi simjui. Lete hapa." Akaichukua, akaiweka kwapani, akanigeukia. "Twende, mwanangu, nikaifumue kungali mapema. Na vipande nikivitandika, nakuomba kwa jina la Mungu, usinipangie."